Kipimo cha Asiyeumwa
Mhadhara kwa umma kuhusu uchunguzi wa mlango wa kizazi

 

Nianze na jambo ambalo sisi wahudumu wa afya tumelieleza kwa mkato mpaka likapotea. Kipimo cha mlango wa kizazi hakitafuti saratani. Kinatafuta kile kinachoitangulia saratani kwa miaka mingi, yaani seli za utando wa mlango huo zilizoanza kubadilika lakini bado zimekaa mahali pake, hazijapenya kwenda ndani. Mwanamke mwenye seli hizo haumwi. Hatoki damu, hasikii maumivu, anakwenda sokoni na kurudi, analala usingizi wake. Ukimwambia aende kupima akijisikia vibaya, umemwambia asiende kabisa, maana siku atakayojisikia vibaya huenda nafasi yenyewe imeshampita.

Kwa hiyo hiki ni kipimo cha mtu asiyeumwa, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Utaratibu wetu wa kwenda hospitali haukujengwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Unafika dirishani, swali la kwanza ni "unaumwa nini?" Katika maisha ya mwanamke wa kwetu kuna kipindi kimoja tu anachokwenda kliniki akiwa mzima na hakuna anayemshangaa, nacho ni kipindi cha ujauzito na kulea. Anabeba kadi, anapanga foleni, anapimwa, anarudi tarehe aliyopangiwa. Halafu mtoto wa mwisho akishamaliza chanjo zake, mama anatoweka. Hatumwoni tena. Wengi hutoweka hivyo wakiwa na miaka 30 na kitu, umri ule ule ambao kipimo hiki kinatakiwa kuanza. Tumemzoesha kuja kwa ajili ya mtoto, na mtoto alipomaliza, tukamwacha aende.

Ukubwa wa tatizo nitausema haraka. Makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yanaonyesha kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka, na wanaokufa ni zaidi ya 6,000. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Duniani kote, mwaka 2022, waliogundulika walikuwa kama 660,000 na waliokufa kama 350,000, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu. Wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye mlango na kusambaa nyongani.

Sasa tuone ugonjwa wenyewe unavyojengeka.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, ile inayoingia ndani ya uke. Pale mlangoni aina mbili za seli hukutana, za nje na za ndani, na mpaka wao haukai mahali pamoja. Husogea msichana anapovunja ungo, husogea anapozaa, na hurudi ndani anapokoma hedhi. Ni kwenye mpaka huo ambapo kirusi cha papiloma cha binadamu, kile ambacho kliniki wanakiita HPV, hupata pa kushikia. Kuna aina nyingi za kirusi hiki, na nyingi hazina madhara makubwa. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Aliyelifahamisha hilo ulimwengu ni Mjerumani, Harald zur Hausen, ambaye yeye na wenzake walizitambua aina hizo mbili mwaka 1983 na 1984, wakati wanasayansi wengi walikuwa bado wakishuku kirusi kingine. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina ya 18 waliikuta pia ndani ya seli maarufu za maabara ziitwazo HeLa. Seli hizo zilichukuliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1951, kutoka kwa mama mweusi wa watoto watano, Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ruhusa. Alikufa mwaka huo huo, akiwa na miaka 31, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Seli zake zinakua maabara mpaka leo. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua, na nadhani kila anayezungumzia ugonjwa huu hadharani anadaiwa kulitaja jina lake.

Kirusi hiki huambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana, na kimeenea kiasi kwamba watu wengi walioanza maisha hayo hukipata wakati fulani. Mwili hukifuta wenyewe, mara nyingi ndani ya miaka 2. Kwa wachache hakifutiki. Kinakaa, na polepole seli zinaanza kubadilika. Kutoka hapo mpaka saratani kamili kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, hasa anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Fundi anayekuta mchwa kwenye boriti moja hang'oi paa zima. Anatibu boriti hiyo na nyumba inaendelea kukaliwa. Miaka hiyo 15 ni muda wa boriti moja.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalovunja nyumba za watu.

Mwanamke akiambiwa ana HPV, swali la kwanza nyumbani ni nani amekileta. Nimewaona wanandoa wakirushiana maneno kwenye korido kabla hata hawajafika getini. Kina baba, kina mama, nisikilizeni vizuri. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka, kikaonekana leo. Mtu anaweza kuwa nacho tangu kabla ya ndoa. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kilitoka kwa nani, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanamume ili kumtafuta mwenye kosa. Jibu la HPV halithibitishi uzinzi wa mtu yeyote. Wala halina maana ya saratani. Maana yake ni kwamba huyu ni mmoja wa wale tunaotakiwa kuwaangalia kwa karibu. Muuguzi anayetoa majibu hayo bila kueleza hili amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayompeleka mama kwa mjomba wake kusuluhishwa.

Wazo la kutafuta ugonjwa kabla haujawa ugonjwa lilitokana na kazi ya daktari Mgiriki aliyehamia New York, George Papanicolaou. Alikuwa akisoma seli za uke kwenye darubini, na mke wake Andromache alikubali kuchukuliwa sampuli siku hadi siku kwa miaka, jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja na kupita. Mwaka 1928 daktari huyo alieleza kwamba seli za saratani zinaweza kuonekana kwa njia hiyo, na wenzake hawakushtuka. Ilibidi ifike 1941, alipochapisha kazi yake pamoja na Herbert Traut, ndipo dunia ikamsikiliza. Nchi tajiri zilizokijenga kipimo chake katika utaratibu wa kuwaita wanawake kwa barua na kuwaita tena, kama Uingereza ilivyofanya tangu 1988, zilishuhudia ugonjwa ukishuka sana.

Kwetu kipimo hicho hakikushika, na sababu si ujinga wa wanawake. Kinahitaji mtaalamu wa kusoma vioo vilivyopakwa sampuli, maabara, usafiri wa sampuli, kisha majibu yarudi kijijini na mama atafutwe. Kila hatua kati ya hizo inapoteza watu. Mama aliyeacha biashara yake ya mihogo asubuhi nzima hawezi kurudi wiki tatu baadaye kusikia kwamba kioo kilivunjika njiani.

Ndipo ikaja siki. Ndiyo, ile asidi iliyomo kwenye siki ya jikoni, ikiwa imepimwa kwa asilimia 3 hadi 5. Nitaeleza inavyofanyika hatua kwa hatua, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua kinachoendelea nyuma ya pazia.

Unaingia, unasalimiwa, unaulizwa umri, watoto, hedhi ya mwisho, na kama unajua hali yako ya VVU. Siku za hedhi huwa tunaahirisha, na mjamzito kwa kawaida husubiri mpaka ajifungue. Unapanda kitandani, unafunikwa kwa khanga au shuka, unakunja magoti. Muuguzi anaingiza polepole kifaa cha kufungulia uke, kinachofanana na mdomo wa bata. Ukilegeza mwili na kupumua kwa mdomo, kinaingia kwa urahisi, ukijikaza, kinabana. Anaangaza taa, anaona mlango, anaufuta kwa pamba yenye siki, anasubiri dakika moja. Unaweza kusikia mwasho mdogo. Seli za kawaida hubaki na rangi yao ya waridi. Zilizobadilika hugeuka nyeupe, weupe mzito wenye kingo. Muuguzi anaangalia kwa macho yake, anatoa kifaa, na unapewa jibu kabla hujavaa viatu.

Hakuna kinachokatwa. Hakuna kizazi kinachotolewa. Uvumi kwamba wanaopimwa hawazai tena umezunguka katika mikoa mingi, na nashuku unazidi kila kampeni inapokuja na magari na vipaza sauti huku hakuna aliyekaa chini na wanawake kuwaeleza. Ukitaka mhudumu wa kike, omba. Si kila mahali atapatikana siku hiyo, lakini ombi lako si usumbufu.

Siki ina udhaifu wake, na sitauficha. Ubora wa kipimo umo machoni mwa anayetazama. Michubuko na maambukizi ya kawaida nayo yanaweza kung'aa weupe, na muuguzi aliyefundishwa mara moja miaka kumi iliyopita hatazami kama yule anayesimamiwa kila mwezi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ule mpaka wa seli umesharudi ndani na macho hayaufikii. Tazameni tafiti mbili kutoka jimbo moja la India, Maharashtra. Mjini Mumbai, katika utafiti uliowahusisha wanawake wapatao 150,000, kundi lililochunguzwa kwa siki kila baada ya miaka 2 na wahudumu wa jamii waliofundishwa kwa wiki chache lilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 31. Wilayani Osmanabad, vijijini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuwa tofauti. Kundi lililopimwa kirusi chenyewe, tena mara moja tu, lilipata vifo na saratani zilizokomaa pungufu kwa karibu nusu. Kundi la siki halikuonyesha nafuu ya kutegemewa. Katika tafiti zote mbili lilikuwepo kundi la kulinganishia lisilopewa kipimo cha mradi. Wataalamu wa maadili walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki.

Ninavyozisoma tafiti hizo, siki hufanya kazi inaporudiwa na kusimamiwa. Mwanamke atakayepata nafasi ya kupimwa mara moja au mbili tu maishani, na hao ndio wengi wetu, apimwe kirusi. Ndivyo WHO ilivyoshauri katika mwongozo wake wa 2021: kwa wanawake kwa ujumla, kuanzia miaka 30, kipimo cha HPV kila baada ya miaka 5 hadi 10, kwa wanaoishi na VVU, kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Pasipo na kipimo hicho, siki iendelee, kila baada ya miaka 3. Ningependa kuona nchi yetu ikienda upande wa HPV kwa haraka zaidi, kwani mashine za GeneXpert tunazotumia kupima kifua kikuu zinaweza pia kupima kirusi hiki, na nyingi zimeshafika hospitali za wilaya.

Uzuri mwingine wa kipimo cha HPV ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Anapewa kijiti chenye pamba, anaingia chooni au nyuma ya pazia, anakiingiza ukeni, anakizungusha, anakirudisha kwenye kichupa. Hakuna kitanda, hakuna wa kumwangalia. Kwa wanaoona haya, na kwetu haya ni sehemu ya malezi wala si kasoro ya kukemewa, mlango mkubwa umefunguka.

Lakini jibu bila tiba halimfai mtu, na kosa la miradi mingi liko hapo. Kambi inapima wanawake mamia, inahesabu, inapiga picha, inaondoka. Waliokutwa na weupe wanaambiwa waende hospitali kubwa, na ni wangapi wanaofika? Kwa hiyo kabla hujapanda kitandani uliza: mkikuta kitu, mnatibu hapa hapa leo? Tiba yenyewe ni fupi. Ipo ya kugandisha, ambapo gesi ya baridi kali hugandisha seli zilizobadilika kwa dakika 3, huachwa ziyeyuke kwa dakika 5, kisha hugandishwa tena. Ipo ya joto, mpya zaidi, ambayo kifaa kidogo kinachoweza kutumia betri huziunguza kwa nyuzi 100 kwa muda usiofika dakika moja. Hakuna kulazwa. Baadaye maji maji hutoka ukeni kwa wiki kadhaa, na katika muda huo, kama wiki 4, mama anatakiwa kutokutana na mumewe. Hapa ndipo ninapowahitaji kina baba. Mama anaweza kuikataa tiba, anayoitaka kwa moyo wote, kwa kuogopa tu namna ya kusema jambo hilo nyumbani. Mwambie mapema kwamba utasubiri. Baada ya mwaka mmoja arudi kuangaliwa. Eneo likiwa kubwa, au likiingia ndani ya mlango, ataelekezwa hospitalini likaondolewe kwa waya wa umeme.

Wanawake wanaoishi na VVU nawataja peke yao kwa sababu hatari yao ni kama mara 6 ya wengine. Kwao angalau njia ipo: wanakuja kliniki ya CTC kuchukua dawa, wana kadi, wana tarehe. Kipimo kiwe chumba cha jirani, siku ile ile. Mama akikaa CTC miaka kumi bila kuangaliwa mlango wa kizazi, lawama si yake.

Kuhusu chanjo nitakuwa mfupi, maana inastahili jioni yake. Rwanda ilitangulia Afrika kuitoa kwa nchi nzima, mwaka 2011. Tanzania ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikuchaguliwa kwa kubana matumizi tu. Utafiti uliofanyika Kenya, katika Thika, Nairobi na Kisumu, wakiwemo wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya huko, KEMRI, kama Nelly Mugo, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza. Binti aliyechanjwa bado atapimwa akifika umri, kwani chanjo haizuii aina zote. Na mama yake aliyempeleka kuchanjwa, je, yeye amepimwa? Siku ya chanjo shuleni ingefaa kuwa siku ya kuwakumbuka wazazi pia. Mkuu wa shule anayetuma barua ya chanjo anaweza kuongeza mstari mmoja chini yake.

Ukishapimwa, dai jibu lako liandikwe: kipimo gani, tarehe gani, jibu gani, na urudi lini. Karatasi hiyo ihifadhi na cheti cha ndoa au hati ya kiwanja. Vituo vyetu hupoteza madaftari, na mwanamke anayehamia mji mwingine huonekana mgeni kabisa.

Nimebakiza watu ambao mhadhara huu wote hauwahusu. Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya hedhi mbili. Anayetokwa na uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa. Na bibi aliyekoma hedhi zamani, kisha akaona damu tena, hata doa moja. Hawa wasisubiri kambi, wala kipimo cha siki kisiwape faraja. Wanahitaji kuangaliwa na daktari, na kinyama kidogo kichukuliwe kipelekwe maabara. Hata saratani yenyewe, ikikutwa ikiwa ndogo, hupona: kwa upasuaji, au kwa mionzi ambayo ipo Ocean Road na Bugando, Mwanza. Bibi akiambiwa kwamba ni uzee tu, au mama akiandikiwa vidonge vya fangasi kwa mara ya tatu bila kuangaliwa ndani, asiinuke kitini. Aombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa, na aende nayo wiki hiyo hiyo.